Kigunduzi Kipi cha Metali Umnunulie Mtu Anayerudi Uwanjani, Hata Kama Mtu Huyo Ni Wewe

Anayerudi kutafuta sarafu na pete ardhini baada ya kukaa kando miaka kumi au kumi na mitano hanunui mashine kama mgeni anavyonunua. Sikio lake limekwisha kuzoea mlio wa mashine fulani, mkono unakumbuka mwendo wa kufagia, na kichwani amehifadhi namba za kioo cha mashine, zilizomwambia ni metali gani iko chini, ambazo sasa huenda zikampotosha. Bega nalo si lile la zamani. Kwa sababu hiyo sipangi mashine hizi kwa kina cha ardhi zinachofikia, jambo ambalo matangazo hulikuza kuliko yote, bali kwa kadiri zinavyomwezesha mtu mwenye uzoefu uliopoa kuanza tena kuchimbua vitu vya maana bila kuchoka wala kukata tamaa.

Lililobadilika zaidi ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ya mawimbi ambayo mashine hutuma ardhini. Zamani mashine nyingi za bei ya kawaida zilitumia masafa mamoja tu, kama ilivyo Garrett ACE 250, ambayo wengi walianzia nayo na ambayo hufanya kazi kwa kilohezi 6.5. Masafa ya chini huziitikia vizuri sarafu kubwa za fedha, na ya juu hunasa vitu vidogo vya dhahabu kama hereni, kwa hiyo mnunuzi alilazimika kuamua mapema anatafuta nini. Mashine zinazotumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja zilikuwapo tangu miaka ya 1990, ila zilikuwa nzito na za gharama kubwa. Minelab Equinox ilipotoka mwaka 2018, mbinu hiyo iliingia katika mashine ya bei ya kati yenye uzito wa takriban kilo 1.3, ambayo inaweza kuzamishwa majini. Kama uliacha kabla ya hapo, mabadiliko haya ndiyo yanayostahili fedha zako.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa mashine ya masafa mengi ya daraja la kati: Nokta Legend, au Equinox 700 na 900 zilizofuata zile za mwanzo. Faida yake huonekana wazi kwenye mchanga wa bahari uliolowa. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ya masafa mamoja huyasikia kana kwamba ni metali na kupiga kelele kila koili (lile duara la waya mwishoni mwa mpini) inapopita, mpaka upunguze usikivu na kupoteza kina pamoja na kelele. Mashine ya masafa mengi hulinganisha majibu ya masafa mbalimbali, ikaitoa chumvi na madini ya udongo katika hesabu, na kubakiza kile kilichozikwa. Namba inayoonekana kwenye kioo nayo hutulia zaidi katika udongo wenye madini mengi ya chuma. Lakini usibebe namba zako za zamani: kipimo cha Garrett AT Pro hufika 99 ilhali kile cha Equinox 800 huishia 40, na mtu anayechimba kwa kumbukumbu atavuna vipete vya makopo tu huku akiziacha sarafu za fedha. Chukua sarafu unazozifahamu, zipitishe mbele ya koili, na uandike namba zake upya.

Nafasi ya pili ni mashine iliyotumika ya kizazi kilichopita, hasa Equinox 600 au 800, ama XP Deus ya kwanza. Hii ya mwisho haina waya kati ya koili na kisanduku chake, na uzito wake usiofika kilo moja ni neema kwa mwenye bega linalouma, ingawa hutumia masafa mamoja kwa wakati mmoja. Hapa umakini unahitajika kuliko bei inavyodokeza. Betri za lithiamu zilizojengewa ndani huchakaa hata mashine isipotumika, kwa hiyo uliza inadumu saa ngapi, kisha iwashe na uiache ifanye kazi mbele yako. Tikisa koili pale inaposhikana na mpini uone kama kuna ufa, chunguza mahali pa kuchajia kama pana kutu, na linganisha namba ya usajili na kumbukumbu za mtengenezaji, maana mashine bandia zinazoiga chapa kubwa zipo, hasa zile za kutafutia dhahabu.

Nafasi ya tatu ni mashine mpya ya masafa mamoja, mfano Nokta Simplex inayotumia kilohezi 12 na inayozamishika majini. Kwa mtu wa mashamba makavu na bustani hiyo inatosha kabisa, na sioni aibu kuipendekeza. Ya nne ni zile za kilele, XP Deus II na Minelab Manticore. Ni bora, hilo halina ubishi, lakini ubora wake umo katika mipangilio mingi ambayo mtu aliyerudi jana hawezi kuitofautisha kwa sikio, na atalipia uwezo atakaouhitaji mwaka ujao. Ya mwisho ni mashine za mapigo, zinazotuma ardhini mapigo mafupi ya umeme badala ya wimbi lisilokatika, zinazofika kina kirefu na kuvumilia udongo mkali, ila ni dhaifu katika kutenga misumari na dhahabu, hivyo huchimbisha karibu kila kitu. Waachie wawindaji wa dhahabu na wale wa fukwe wenye subira. Vigunduzi vya bei ya kutupa visivyo na jina la mtengenezaji nimeviacha nje ya mpangilio kwa makusudi.

Kabla ya yote hayo, fungua kisanduku cha betri cha mashine yako ya zamani. Mimi niliacha betri nane ndani ya mashine yangu miaka mingi, nikakuta unga mweupe umekula springi zinazogusa betri. Kusafisha kulifanikiwa nusu tu. Ikiwa yako ni salama na bado inalia sawasawa, ahirisha mashine mpya na ununue kigunduzi kidogo cha mkononi, kile cha umbo la kijiti unachokiingiza shimoni kuonyesha kitu kilipo. Kama uliacha kabla vifaa hivyo havijaenea, ndicho kitakachopunguza zaidi muda wa kupiga magoti, na shimo litakuwa dogo, jambo ambalo mwenye ardhi aliyekupa ruhusa atalithamini. Vipokea sauti visivyo na waya vifuate, lakini viwe vile vinavyooana na mashine yenyewe: Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo unatosha kukufanya uchimbe kiganja kimoja kando ya mahali penyewe.