OPI kwa wanaojifunza Kiswahili Marekani: mzuri, ila si wa kila kazi

OPI (Oral Proficiency Interview) ni mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni; kwa kawaida hufanywa kwa simu na huchukua kama nusu saa. Baada ya maswali mepesi, mtahini hutafuta mambo mawili: kiwango anachokimudu mwanafunzi bila kuyumba, na kile kinachomshinda. Ubora wake uko hapo. Aliyekariri salamu hung'ara dakika mbili tu. Akiambiwa asimulie safari iliyoharibika, tangu mwanzo hadi mwisho, uwezo wake halisi huonekana. "Kitabu yangu" moja haimwangushi. Kinachoangaliwa zaidi ni kama anaeleweka; katika ngazi za juu, hata kwa asiyezoea Kiswahili cha wageni.

Kasoro yake ni kwamba haupimi mlichosoma darasani, na ngazi zake ni pana: muhula mzima unaweza kupita bila mwanafunzi kupanda. Kwa hiyo, mwalimu, usiutumie kutoa alama za muhula. Azima muundo tu: dakika saba kwa kila mwanafunzi, mrekodi, walimu wawili wasahihishe bila kuoneshana alama. Wakipishana, wasikilize tena. Na usimsahihishe akiwa anaongea (wengi wetu hatujizuii), maana ataanza kujibu kwa neno mojamoja.