Hosteli yangu na mabati ya rangi ukutani: uzoefu wa miaka mitatu

Hosteli yangu iko Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ni ghorofa moja, vyumba 24, wapangaji wote wanafunzi. Zamani nilikuwa naipaka rangi kila baada ya miaka miwili, na haikupita muda ikawa kama sijaipaka. Vumbi la Dodoma mnalijua. Mvua za Desemba zikianza, linateremka ukutani kama chai ya rangi iliyomwagika. Ila hilo lilikuwa la macho tu. Lililoniumiza mfukoni ni joto la upande wa magharibi. Matofali ya saruji yananyonya jua mchana kutwa, halafu saa tatu usiku, mtoto wa watu akitaka kulala, ukuta ndio unaanza kulitema. Vyumba vya upande ule vilikuwa vya mwisho kupata wapangaji na vya kwanza kuhamwa.

Fundi wangu ndiye aliyeniambia, "Mama, ukuta huu uvalishe bati." Nikadhani ananitania. Bati hili hili la kuezekea? Akasema ndiyo, lakini lisigusane na tofali. Unapiga papi ukutani, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao, bati linakaa juu ya papi, na nyuma yake hewa inapita kutoka chini kwenda juu ikitoka na joto.

Nikaenda dukani. Muuzaji wa kwanza alinionyesha paneli nzuri kweli, laini kama kioo, za alumini. Nikamwomba kipande nikitazame ukingoni: katikati ya zile karatasi mbili za alumini kuna plastiki. Hapo nikakumbuka jengo la Grenfell Tower la London, tarehe 14 Juni 2017, moto ulivyopanda kwenye paneli za aina hiyo na watu 72 wakafa. Nyumba yangu inalala vijana wanaopika kwa jiko la umeme chini ya kitanda, japo wananikatalia. Nikaaga. Nilichukua bati la rangi la chuma, lisilo na plastiki katikati, geji 28. Namba ya geji ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba, na wapo wanaokuuzia 30 wakikuapia ni 28, kwa hiyo nendeni na fundi mwenye kipimo chake.

Rangi nilichagua mimi: bluu ya bahari chini, njano ya haradali juu, na nyekundu kwenye kona ya ngazi. Nilitaka damu ya mzee ukuta mzima, fundi akanigomea kwamba rangi nzito upande wa jua la jioni ni kujitafutia joto lile lile ninalolikimbia. Alikuwa sahihi. Sasa saa kumi jioni ukiweka kiganja kwenye bati kwa nje, utakitoa mwenyewe bila kuambiwa. Ukiingia chumbani ukagusa ukuta kwa ndani, ni vuguvugu tu. Vile vyumba vya magharibi leo vinagombewa, na wanafunzi wanaelekezana kwa rangi: "Nipo njano, chumba cha pili."

Sasa makosa, maana yalikuwepo. Papi za kwanza fundi alizilaza, na bati akalisimamisha. Papi iliyolala inaziba njia ya hewa. Tukabandua, tukasimamisha papi na kulaza bati. Hewa ikapita vizuri, lakini migongo ya bati iliyolala nayo ikawa rafu ya vumbi, na mvua ya kwanza ikachora michirizi. Nalipa kijana anamwagia maji mara mbili kwa mwaka, basi.

Kosa baya lilikuwa grainda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma. Kijana wa fundi alikata nafasi za madirisha kwa grainda, cheche zikarukia bati la chini yake. Baada ya mvua mbili tatu nikaona vidoa vya kahawia, vidogo kama mbegu za ulezi. Ukipitisha kidole, unga wa kutu unabaki kwenye ngozi. Zile cheche ni chembe za chuma cha moto, zinaunguza rangi, zinaganda pale na kuota kutu. Bati likatwe kwa mkasi wa bati. Na ile nailoni ya kinga inayokuja imebandikwa juu ya bati jipya ibanduliwe siku ile ile. Mimi niliiacha wiki kadhaa ili mabati yabaki mapya, jua likaigandisha, nikawa naikwangua kwa kucha kama ganda la yai. Saruji mbichi nayo msiiache imwagikie bati: inakula ule mpako wa alumini na zinki ulio chini ya rangi.

Halafu nyuki. Dodoma ni nchi ya asali, nami nikawajengea mzinga wa mita 18 bila kujua. Waliingia kwa juu, wiki ya UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, vijana wakakimbia na madaftari na taulo. Ilibidi nimwite mzee wa mizinga, akaja usiku na moshi wake. Tangu hapo juu na chini kuna wavu mdogo, hewa inapita, mdudu hapiti.

Vidogo vingine: jioni bati likipoa linagonga, ko, ko, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanadhani kuna mtu nje. Mtandao wa simu kwenye vyumba vile ulipungua, ikabidi ruta ihamie koridoni. Na fundi umeme aliliunganisha bati na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, jambo ambalo mimi nisingelifikiria.

Muuzaji aliniambia ni bidhaa rafiki wa mazingira. Nusu nusu. Chuma kinayeyushwa kwa makaa ya mawe mengi, tusidanganyane. Nafuu inakuja kwa kudumu kwake: miaka mitatu sijanunua ndoo ya rangi ya upande ule, limefungwa kwa skrubu kwa hiyo linafunguka likaezekee kwingine, na likichoka kabisa wa chuma chakavu wanalifuata mlangoni. Matofali hayana mnunuzi wa namna hiyo.

Nina vipande viwili vya akiba stoo. Juzi nilivipeleka ukutani nikavilinganisha: bluu bado ni ile ile, njano imepauka kidogo. Mwenye swali la gharama, jua kwamba papi na skrubu zitakushtua kuliko bati lenyewe. Upande wa mashariki sitauvalisha. Jua la asubuhi halina shida na mtu, plasta inatosha.