Taveta kwa miguu: kilima cha Salaita, Ziwa Chala na masimulizi ya waongozaji

Wasafiri wengi huijua Taveta kama mji wa Kenya wa kupita tu kabla ya kuvuka mpaka kuingia Holili, Tanzania, na kuendelea na safari ya Moshi. Wanaolala hapo ni wachache, na wanaotenga muda wa kuvitembelea viunga vyake ni wachache zaidi, ilhali katika eneo hilo dogo lililobanwa kati ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi na mpaka wa Tanzania kuna uwanja wa mapigano ya mwaka 1916 ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ziwa lililo ndani ya kreta ya volkano na vilima ambavyo mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuvipanda asubuhi moja. Tathmini hii inahusu ziara ya kuongozwa inayounganisha mambo hayo. Nieleze mapema nilichokiona: mahali penyewe panastahili sifa zote, lakini masimulizi yanayoambatana na ziara yana pengo kubwa, nalo ni pengo linaloweza kuzibwa bila mtu yeyote kuongeza shilingi.

Safari ya kutoka Voi ni takriban kilomita 110 kwa barabara ya lami inayopita Mwatate, Bura na Maktau. Inafaa kuifanya mchana, kwa sababu historia huanza kusomeka njiani hata kabla ya kumpata mwongozaji. Ukishaiacha Bura na vilima vyake vya kijani, nchi hukauka ghafla, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini Waingereza, baada ya Wajerumani kuiteka Taveta Agosti 1914, hawakuweza kuikomboa mara moja. Ilibidi kwanza wajenge reli kutoka Voi, kazi iliyoanza mwaka 1915, na walaze bomba la maji kutoka Bura ili watu na wanyama waliopiga kambi huko Maktau na Mbuyuni wasife kwa kiu. Reli hiyo baadaye iliendelezwa hadi kuungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi.

Salaita ndicho kiini cha ziara, na hapa mwongozaji wetu alistahili kila senti tuliyomlipa. Badala ya kutupeleka moja kwa moja kileleni, alitushusha garini upande wa mashariki na kututaka tutembee kuelekea kilimani tukipita uwanda wa miiba na nyasi, njia ile ile waliyoijia askari wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, tarehe 12 Februari 1916. Ukiwa chini, kilima hakitishi, maana ni kifupi na kimekaa peke yake. Mizinga ya Waingereza ilikielekezea makombora kileleni, ikidhaniwa kwamba huko ndiko adui alikojichimbia, kumbe mahandaki makuu ya kikosi cha Meja Georg Kraut yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yakiwa yamefichwa na vichaka. Mwongozaji alisimama, akanyoosha fimbo yake kwenye mfereji wa kina cha goti uliojaa nyasi kavu, kisha akatuomba tuchuchumae ndani yake na kutazama tulikotoka. Kila kitu uwandani kilionekana, hata mbuzi waliokuwa wakichungwa mbali. Maelezo ya shambulio lile yangeweza kujaza kurasa nyingi, lakini kuchuchumaa pale kwa dakika chache kulitosha kutufahamisha kwa nini lilishindwa.

Jambo jingine alilolieleza vizuri ni namna kurudi nyuma kwa wageni hao wapya kulivyokingwa na Kikosi cha 130 cha Baluchi kutoka Jeshi la India. Husimuliwa kwamba Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rashasha waliyoitelekeza, wakaambatanisha ombi la kutoitwa tena kwa jina la dharau ambalo Wazungu wale walizoea kuwaitia Wahindi. Kisa hicho kilisimuliwa kwa ufasaha na kwa heshima, na wote tulikisikiliza kwa makini.

Baada ya hapo ndipo ziara inapopoteza mwelekeo. Muda mrefu hutumika kwenye mbuyu wenye matundu yanayosemekana kuwa ya risasi, ambamo inadaiwa mwanamke wa Kijerumani alijificha akiwalenga Waingereza ili kulipiza kisasi cha mumewe. Ni hadithi ya kuvutia, na watoto wataipenda, lakini imechukua nafasi ya watu waliokuwapo kweli na kwa maelfu. Jeshi lililopigana hapa lilibebewa chakula, risasi na wagonjwa na wapagazi kutoka pwani, bara na nchi jirani, na askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika vilevile. Tulipofika kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta, yanayotunzwa kwa usafi wa kupigiwa mfano, nilimwuliza, "Kaka, na wapagazi walizikwa wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, wageni huwa hawaulizi hilo. Wazee wetu husema wengi waliachwa walikoangukia."

Jibu hilo fupi lilikuwa na uzito kuliko hadithi nzima ya mbuyu, na linakubaliana na yaliyoandikwa rasmi. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ile. Mwongozaji anayeijua Taveta, aliyezaliwa kati ya wajukuu na vitukuu wa watu hao, ana kitu ambacho hakuna kitabu cha mgeni kinachoweza kumpa msafiri. Naomba kwa dhati waongozaji wa Taveta na Voi walifanye simulizi hilo kuwa sehemu ya kwanza ya ziara, lisingoje kuulizwa.

Kutoka Salaita kwenda Ziwa Chala si kuhama mada. Jan Smuts, aliyeshika uongozi wa majeshi ya Uingereza Februari hiyo, hakurudia kosa la kukivamia kilima kwa mbele. Mwezi Machi alipeleka wapanda farasi wazunguke kaskazini kupitia Chala na Mto Lumi, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila kungoja kuzingirwa. Ukisimama kwenye ukingo wa kreta na kutazama kusini, mzunguko huo unaeleweka mara moja.

Ziwa lenyewe limezama chini ya kuta za mawe zenye urefu wa takriban mita 100, na maji yake hubadilika kutoka samawati hadi kijani kadiri jua linavyopanda. Hakuna mto mkubwa unaoliingia, kwani sehemu kubwa ya maji yake huja chini ya ardhi kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Humo anaishi perege asiyepatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba tope la kina chake na kutoa kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000. Nusu ya ziwa iko Kenya, nusu iko Rombo, Tanzania, na hakuna alama yoyote majini. Mpaka huu ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyopitisha mstari kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga na kuuzungusha kaskazini mwa mlima. Ile hadithi ya Malkia Victoria wa Uingereza kumzawadia mjukuu wake Mjerumani, Wilhelm, mlima Kilimanjaro ingefaa kuachwa, ingawa bado inasimuliwa.

Njia ya kushuka majini ni ya mwinuko mkali na ina changarawe inayoteleza, kwa hiyo viatu vyenye soli ya kushika ni lazima. Kuogelea kusifikiriwe kabisa. Ziwa lina mamba, na mwaka 2002 mwanafunzi kutoka Uingereza aliuawa humo. Lawama yangu hapa ni kwa kampuni iliyotupangia ziara, ambayo ilikuwa imetenga muda mfupi mno, tukalazimika kupanda kurudi juani tukihema, wakati ukingo wa kreta peke yake unahitaji nusu siku ya kutembea taratibu.

Vilima vya Latema na Reata, palipopiganwa usiku wa tarehe 11 Machi 1916, vinamfaa mpenda historia hasa. Nyumba ya mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, ambayo wenyeji huiita Girigan, ina mandhari nzuri kuliko historia yake. Ziwa Jipe linahitaji siku yake.

Kwa anayepanga kwenda, aepuke mvua za masika, aanze matembezi mapema kabla mawingu hayajaufunika mlima, na asitembee peke yake nje ya mji, kwa kuwa tembo wa Tsavo huvuka maeneo haya. Abebe kitambulisho hata kwa matembezi mafupi, maana mpaka uko karibu kuliko unavyodhani. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mji hujaa ndizi na watu, na vyumba vya kulala hupatikana kwa shida zaidi. Kabla ya kulipa, aulize mambo mawili: ni saa ngapi zimetengwa kwa ajili ya Chala, na ni nani atakayemweleza habari za wapagazi. Kwa mandhari na uwanja wa vita natoa alama tano kwa tano. Kwa ziara kama inavyouzwa sasa natoa tatu, na ya nne ataipata mwongozaji atakayeanza na wazee wake.