Ziara ya Waterloo kwa miguu: nzuri sana, ila miraba ilivunjwa pia

Oktoba iliyopita nililipia ziara ya kuongozwa kwenye uwanja wa vita wa Waterloo, Ubelgiji. Euro 40, saa tatu, watu 18. Kutoka Brussels nilipanda treni hadi Braine-l'Alleud, kisha basi. Nilikuwa na shauku moja tu: kusimama pale ambapo tarehe 18 Juni 1815 askari wa miguu wa Waingereza na wenzao walijipanga miraba, yaani safu zilizofunga pande nne zikitazama nje, na kuwangoja wapanda farasi wa Marshal Ney, jemadari wa Napoleon.

Shauku hiyo ilitimia kwenye mteremko ulio kati ya Kilima cha Simba na shamba la Hougoumont. Mwongozaji alitugawia fimbo, akatupanga mraba mdogo, wa mbele tumepiga goti, kitako cha fimbo ardhini, ncha imeelekea nje usawa wa kifua cha farasi. Kisha akatuambia tusogeane. Tukasogeana. Akasema bado, sogeaneni tena, mpaka bega la jirani likawa linaniuma. Batalioni ya watu 500 ikijipanga hivyo, safu nne kila upande, upande mmoja haufiki mita 20. Ni padogo mno! Katikati wanabanana maofisa, wapiga ngoma, bendera na majeruhi, na kila wimbi la farasi lilipokuja, wapiga mizinga nao walikimbilia humo. Farasi hakubali kujitupa kwenye ukuta wa singe, visu vile vya mbele ya bunduki. Hukwepa pembeni, huzunguka, na safu za nyuma humfyatulia risasi. Nilikuwa nimeyasoma haya mara nyingi, lakini siku ile ndiyo niliyoyaelewa.

Aliieleza vizuri pia bei ya ukuta huo. Watu waliobanana hivyo ndio shabaha nzuri kuliko zote kwa mizinga, na batalioni ya 27 ya Inniskilling, ya jeshi la Uingereza, ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake pale pale iliposimama.

Kasoro yangu ni moja, na naiona kubwa. Mwongozaji alirudia mara tatu kwamba mraba ukishafungwa hauvunjwi na farasi. Hilo si kweli, na mtu aliyelipa apate historia anastahili kuambiwa. Tarehe 23 Julai 1812, siku moja baada ya vita vya Salamanca, huko García Hernández nchini Hispania, dragoni (wapanda farasi) Wajerumani waliomtumikia mfalme wa Uingereza, wakiongozwa na von Bock, waliuvunja mraba wa Wafaransa. Farasi mmoja alipigwa risasi akiwa tayari amefika kwenye singe, akaanguka juu ya askari huku akirusha mateke, akawalaza chini. Wenzake wakaingia kwa upenyo huo. Mraba wa pili ulipoona yaliyoupata wa kwanza, moyo ukawatoka, nao ukasambaratika. Dragoni zaidi ya 50 walikufa. Wafaransa zaidi ya elfu moja wakatekwa.

Mvua nayo ilivunja miraba. Huko Dresden, tarehe 27 Agosti 1813, baruti ililoa, gobori za Waaustria zikagoma kufyatuka, na miraba yao ikabaki na singe tupu mbele ya farasi wa Murat, jemadari mwingine wa Napoleon. Singe peke yake haikutosha. Ndiyo maana nasema mraba ulikuwa baruti kavu na moyo mkavu kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, farasi anapita.

Na hata bila kwenda Hispania, pale pale Ubelgiji kuna mifano ya farasi kuwakuta askari wa miguu nje ya mraba. Siku mbili kabla ya Waterloo, kwenye njia panda ya Quatre Bras, batalioni ya 69 ya Waingereza ilikutwa na wapanda farasi wenye deraya kabla haijafunga mraba, ikakatwakatwa na kunyang'anywa bendera moja. Siku ya Waterloo yenyewe, karibu na shamba la La Haye Sainte, batalioni ya 5 ya askari wa miguu Wajerumani, nao wa mfalme wa Uingereza, iliamriwa kwenda mbele ikiwa mstari badala ya mraba, na Mwanamfalme wa Orange, mwana wa mfalme wa Uholanzi, ndiye aliyeshikilia amri hiyo. Kanali wao, Ompteda, alijua farasi wako karibu. Alitii, akafa pamoja na watu wake wengi. Kilima cha Simba, chenye ngazi 226, kilijengwa na baba wa mwanamfalme huyo pale alipojeruhiwa mwanawe. Tulipanda ngazi zote, tukapiga picha, na jina la Ompteda halikutajwa. Hilo liliniuma.

Picha kubwa ya duara ya Louis Dumoulin, ya mwaka 1912, yenye urefu wa mita 110, usiikose: ni shambulio la Ney limekuzunguka pande zote. Makumbusho ya chini ya ardhi yanatosha saa moja.

Natoa nyota nne. Vaeni viatu vya tope, udongo wa kule unanata kama ugali mbichi. Mwishoni nilimuuliza mwongozaji kuhusu García Hernández. Hakukasirika, alitoa daftari, akaniomba nimtajie herufi za jina hilo mojamoja, akaandika.