Transmita ipi ya hewa ununue kama unazamia mbali na fundi

Kwanza tuelewane. Mzamiaji ninayemzungumzia hapa si yule anayejificha kwenye shehena ya meli ili aamkie Durban. Ni huyu wa mtungi mgongoni, anayeshuka Mnemba, Mafia, Pemba au Watamu, na ambaye amechoka kuvuta geji ubavuni kila anapotaka kujua amebakiza hewa kiasi gani. Kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, anayo, au yuko mbioni kuinunua, na muuzaji amemshauri aongeze transmita: kidude kama dole gumba nene, kinafungwa katika tundu la presha kubwa la regyuleta, yaani kifaa kinachokupitishia hewa kutoka mtungini hadi kinywani, na presha ya mtungi inasomeka kwenye kioo cha mkononi bila mpira wowote.

Mpya huuzwa kati ya dola 300 na 500 za Marekani, bado hujalipa usafiri na ushuru. Kwa hela hiyo kila mtu huniuliza swali lile lile: ipi haizimi? Zote huzima. Mimi huangalia jambo jingine: ikizima saa moja asubuhi, nahodha ameshawasha mashine na wageni wamevaa, ni ipi naweza kuifufua pale pale kwa mikono yangu na betri ya akiba? Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho. Ukiishi jirani na karakana kubwa ya vifaa vya kuzamia, unaweza kuipanga kivingine.

Kabla ya majina ya bidhaa, jua transmita hufaje, maana nusu ya zile zinazoitwa mbovu ni nzima kabisa.

Maji ya chumvi hayapendi mawimbi ya redio. Bluetooth ya simu yako haivuki hata shubiri moja ya bahari. Ndiyo maana transmita nyingi hutumia masafa ya chini sana, kwa mfano kilohezi 38, nayo hufika kama mita moja tu. Yaani kutoka kisogoni hadi kiganjani, basi. Ukifunga transmita upande wa kulia halafu ukavaa kompyuta mkono wa kushoto na kuunyoosha mbele, namba itapotea kidogo, na ukikunja mkono inarudi. Funga transmita upande ule ule unaovaa kompyuta, na malalamiko mengi yataisha hapo.

Flashi ya kamera huvuruga, mota ya skuta ya majini pia. Niliwahi kumwongoza mpiga picha ambaye kila akimulika kasa, kioo chake kinaonyesha vistari badala ya presha. Alipanda botini amenuna, anataka kurudisha mzigo dukani. Nikamwambia ahamishie kompyuta mkono ulio mbali na flashi. Kesho yake hakusema neno.

Halafu kuna maji kwenye chumba cha betri. Hili ni kosa letu: oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) kavu, au chembe moja ya mchanga, au mtu kabadilisha betri juu ya boti huku nywele zikimdondosha maji. Betri badilisha nyumbani, usiku, mezani, oringi ukiipaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu.

Na mwisho kuna mikono ya watu. Transmita imekaa kama mpini, na kijana anayepakia mitungi 14 alfajiri atashika chochote kinachofanana na mpini. Usimlaumu. Ikikatika, hewa itatoka kwa kelele za kutisha, lakini tundu lake ni dogo, na dawa ni kufunga koki. Hasara ni yako. Ukiweza, ongeza mpira mfupi wa presha kubwa, wa sentimita 15 hivi, kati ya regyuleta na transmita. Kidude kinalala pembeni, na atakayekishika ataona mwenyewe kwamba kinaning'inia.

Sasa orodha.

1. Shearwater Swift. Hii ni ya Wakanada. Inasomwa na kompyuta zake za Perdix AI, Perdix 2, Teric, Peregrine TX na Tern TX. Sababu ya kuiweka juu si jina. Transmita za zamani hutuma tu kila baada ya sekunde kadhaa, hazijali nani mwingine anaongea. Mkikaa watatu karibu karibu, ishara zinagongana na mmoja wenu anakosa namba. Swift husikiliza kwanza, ikikuta kimya ndipo inatuma. Kwenye boti ya wageni wanane hilo ni jambo kubwa. Ina kitaa kinachokuonyesha kwamba iko hai, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha kama tatizo liko kwenye transmita au kwenye kompyuta. Betri yake ni CR123A, ile ile inayotumiwa na mafundi wa kengele za usalama na wapiga picha, kwa hiyo Dar, Mombasa au Nairobi hukosi pa kuanzia kuitafuta. Usishawishike na zile za kuchaji za volti 3.7 zenye umbo hilo hilo. Kifaa kinataka volti 3.

2. Ile ya kijivu ya kampuni ya Pelagic, MH8A. Mzee wa kazi. Imeuzwa kwa majina mengi: Oceanic, Aqualung, Hollis, Sherwood, na Shearwater yenyewe kabla ya Swift. Unaiunganisha kwa kuingiza namba sita zilizoandikwa ubavuni, mambo yameisha. Hakuna kusogezeana vifaa kama watu wanaopeana salamu za siri. Betri ni CR2, kifuniko kinafunguka kwa sarafu. Udhaifu wake ni huo wa kugongana ishara, ndiyo maana Shearwater walikuwa wakiuza na ya njano yenye mpigo tofauti wa kutuma ishara, ili mtu mwenye mitungi miwili asichanganyikiwe. Kama unazamia na mwenzako mmoja tu na bajeti imebana, hii inatosha sana. Pia ukibadilisha kompyuta ndani ya ukoo huo, transmita inabaki na wewe.

3. Garmin Descent T1 na T2. Hapa nagombana na nafsi yangu, kwa sababu kwa dive masta, yaani anayeongoza wazamiaji, hii ingekuwa namba moja. Badala ya redio, Garmin walitumia sauti: mlio wa juu ambao sikio halisikii, unaopita majini hadi mita 10 hivi. T1 ilikuja pamoja na kompyuta ya Mk2i mwaka 2020, T2 ikafuata na Mk3i mwaka 2023. Maana ya mita 10 ni hii: naongoza wageni wanne, kila mmoja na transmita yake, na presha zao zote ziko mkononi mwangu. Yule bwana anayesema yuko sawa kwa kidole huku amebakiza bar 60 tu (bar ni kipimo cha presha ya hewa mtungini) hanidanganyi tena. Aliyewahi kuongoza watu kwenye mkondo wa Pemba anajua thamani ya kitu hicho.

Mbona basi ya tatu? Kwa sababu inasikilizana na kompyuta za Garmin peke yake, na zile zenye uwezo huo si za bei ndogo. Ukiharibikiwa na kompyuta, huazimi ya jirani. Ukiharibikiwa na transmita, vivyo hivyo. Sauti nayo inaweza kuzibwa na mwili au mwamba ulio kati yenu. Ukiwa na kituo kinachomiliki vifaa vya aina moja, panda nayo hadi namba moja bila kuniuliza.

4. Suunto Tank POD na Scubapro Smart+. Nazitia pamoja kwa kuwa ushauri ni mmoja: nunua kama kompyuta yake tayari unayo, usinunue kompyuta kwa ajili yake. Zote zinafanya kazi vizuri, na Scubapro ina uzoefu mrefu kupitia jina la Uwatec. Kompyuta zake za Galileo huweza hata kupima unavyohema na kurekebisha hesabu. Tatizo la Suunto kwetu ni betri: nusu ya AA, volti 3. Jaribu kuiulizia dukani uone muuzaji anavyokutazama. Agiza mbili tatu siku unaponunua kifaa.

5. Iliyotumika, isiyo na boksi wala historia. Niliwahi kuinunua moja kwa mgeni aliyekuwa anafunga safari, bei ya kutupa. Nilipofungua kifuniko cha betri usiku ule nikakuta kutu ya kijani, nikaisugua kwa mswaki, nikajipa moyo. Ilinifaa mbizi mbili. Ya tatu ilikata kauli tukiwa mita 18, na kama geji isingekuwepo ningepandisha kundi zima. Ukilazimika, dai ufungue chumba cha betri mbele ya muuzaji, na uione ikisoma mtungi uliojaa kabla hela haijatoka mfukoni.

Maana geji usiitoe. Regyuleta nyingi zina matundu mawili ya presha kubwa. Transmita huku, geji kule. Sindano ya geji nayo ina uongo wake, nimeona iliyoganda kwenye bar 40 mtungi ukiwa mtupu, lakini vitu viwili kukudanganya siku moja ni bahati mbaya ya kipekee.

Na kuna jambo ambalo geji inalifanya vizuri kuliko transmita yoyote ya redio. Koki ya mtungi ikiwa imefungwa, au imefunguliwa robo tu, sindano inaanguka kila unapovuta pumzi. Unaona papo hapo. Transmita inatuma kila baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo unaweza kuvuta mara mbili, kioo bado kinaonyesha bar 200, ukaruka. Mimi kabla ya kukaa ukingoni huvuta pumzi tano za kina, polepole, jicho moja kwenye geji na jingine kwenye kompyuta, na zisipokubaliana namwita nahodha asubiri.