Dola 25 kwa mwezi, kiisha unapewa fimbo ya fagio

Bon, niseme ukweli, siku ya kwanza nilijua nimeibiwa. Nimelipa dola 25 ya mwezi muzima ya kujifunza kubeba vyuma, kochi anaangalia zile noti moja moja kwenye jua, moja ilikuwa na kapasuko kadogo ku kona akanirudishia (munajua Goma), kiisha akaenda ku pembe akarudi na fimbo ya fagio. Fagio! "Peti, hii njo bare yako kwa wiki mbili." (Bare ni ile chuma ndefu ya kubebea uzito.) Mimi niko na meta 1.88, nacheza basketi tangu niko na miaka 14, na pembeni yangu kuko vitoto vya masomo navyo vimeshika fimbo, vinaniangalia vinacheka. Haya ilinishika kabisa.

Jimu yenyewe iko Himbi, hapa Goma, haina kibao wala jina, watu wanasemaka tu "kwa kochi". Geti ya bati, ukisikia chuma inapiga chini ujue umefika.

Nilifika pale ju mgongo ilikuwa imeniharibikia mahali pengine, mu jimu moja ya vioo na muziki mukubwa, sitaitaja. Kule walinionyesha namna moja ya kubeba, epole-jete, mara moja, siku ile ile wakaweka kilo 60, jamaa anapiga makofi "sukuma! sukuma!", na mimi kama mujinga nikasukuma. Wiki tatu nilikuwa nashuka ku pikipiki kama mzee wa miaka 80.

Huyu kochi yeye haharakishi mutu. Anafundisha namna mbili tu za kubeba zenye kuko mu Olimpiki: arashe, bare inatoka chini mpaka juu ya kichwa kwa mara moja, na epole-jete, inapumzika kwanza ku mabega kiisha inaenda juu. Zamani kulikuwa na ya tatu, ya kusukuma na mikono, wakaitoa kiisha ya Munich 1972 ju watu walikuwa wanalaza mgongo nyuma na marefa wanashindwa kukata shauri. Hii hadithi anaisemaka kila mutu mupya akiingia, mimi nimeisikia deja mara nne.

Sasa ile fagio. Anakuweka fimbo ku mapaja, magoti yamekunjika kidogo, mabega juu ya fimbo, anakuacha pale mpaka miguu inatetemeka. "Mikono ni kamba. Umeona kamba inavuta kitu yenyewe?" Ukikunja kiwiko mapema anakugonga pale na kidole, polepole, lakini kila mara, mpaka unaanza kuota kile kidole. Na kushika nako kuko namna yake, kidole gumba kinaingia ndani, kinalala ku bare, vidole vingine vinakifunika. Inauma vibaya wiki ya kwanza, nilikuwa nashindwa hata kufungua chupa ya maji, kiisha siku moja unagundua bare haitoroki tena.

Kitu yenye ilinifungua akili ni maniezi, ule unga mweupe wa mikono. Tulikuwa tumefika ku bare ya kweli, kilo 20, sawa na bidon ya maji ya litre 20, naona ni kitu kidogo. Nilikuwa na tisheti nyeusi. Kochi akapaka maniezi katikati ya bare, akasema beba mara tatu. Nikabeba, najisikia mwanaume. Kiisha akaniambia niangalie nguo: kuko muchoro mweupe ku mapaja, kuko mwingine hapa ku mabega, katikati nyeusi tii. Yaani bare ilitoka ku mapaja ikaenda kutembea huko mbele, kiisha ikarudi kunigonga ku shingo. Hakusema mengi, aliuliza tu: "Ule wa chukudu akipandisha ku mulima, anaachaka muzigo ukae mbali naye?" (Chukudu ni ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.) Toka ile siku nabebaka na tisheti nyeusi, na nguo njo inaniambia kama niliharibu.

Anakufilmiaka pia, telefone yako mwenyewe, anaiegemesha ku bidon pembeni, usawa wa kiuno, ju ukifilmia mbele hauoni kitu. Yangu ilionyesha makalio yanaamka mbele ya mabega. Kiisha anakuwekea video ya ule mubeba vyuma wa Jojia, Lasha Talakhadze, mwenye alibeba kilo 225 kwa arashe na 267 kwa epole-jete ku mashindano ya Tashkent 2021, anaisimamisha pale bare inapita magoti: "Angalia mikono." Imenyooka kama ya mutoto mwenye fagio. Pale njo nilinyamaza.

Sisi wa basketi hatuanzii chini. Anatuanzisha juu ya magoti, tunaishika ku mabega karibu tumesimama, kazi ni ile kuruka tu na kujua kushuka. Mara tatu, unapumzika dakika mbili, unarudilia, mara tano, basi. Mwezi wa tatu niko ku kilo 55 na kochi haniongezee, nimelia mpaka nimechoka. Bare ikianza kupanda polepole anasema umeisha kwa leo, hata kama uko bado na jasho ya kutoa. Ku ukuta tulipiga alama ya kuruka siku ya kwanza, sasa nimeipita na vidole vitatu hivi. Kudanki bado, musinisumbue. Lakini goti ya kushoto yenye ilikuwa inalia kila match imenyamaza, na ile kwangu inapita vidole vitatu.

Mabaya, sasa. Kuko bare mbili tu, na moja upande wa kushoto haizunguki. Wenye hawajabeba watasema na kiisha? Disiki, zile sahani za uzito za pembeni, zinapaswa kuzunguka peke yake wakati unageuza mikono, zikikwama zinakuvuta kifundo cha mukono. Anamwaga oili ya pikipiki, inazunguka siku mbili, inakwama tena. Bare ya wanawake haiko. Ile ya kwao ni kilo 15 na ni nyembamba, milimeta 25 na ya wanaume 28, ukiwa na vidole vifupi unaisikia ile tofauti. Dada yangu aliacha kwa hii sababu, na nampa haki.

Disiki nazo ni za chuma tupu, ndogo. Za kweli za mashindano zinapimaka sentimeta 45 kwa upana, kwa hiyo bare inakaa juu kidogo, hizi za kwetu inalala chini sana mpaka anaweka vipande vya tairi chini yake. Na huwezi kuangusha, jirani anagombana, chini nako ni mbao juu ya jiwe ya volkano, upande mmoja umeinama. Unashusha polepole ku mapaja kila mara, na mgongo njo unalipa. Nimemwambia anunue hata pea moja ya disiki za raba, anasemaka "Mungu akipenda", toka mwezi wa kwanza.

Na anachelewaka. Saa kumi na moja ya jioni kunajaa, watu kumi na wawili kwa bare mbili, unabeba mara tatu unangoja robo saa. Muende asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mutamupata peke yake anafagia. Vile viatu vya kukimbia vya soli laini muviache nyumbani, atawavuaka tu. Na muchague dola mbele ya kutoka.