Chumba cha leja za manamba, Korogwe: njoo na namba, jina halitoshi

Nimesafiri kutoka Kasulu kumtafuta babu mzaa baba, aliyeondoka kwetu Buha miaka ya hamsini kwenda kukata mkonge na hakuonekana tena. Shamba lenyewe liko nje kidogo ya mji wa Korogwe. Meneja ameniomba nisilitaje jina hadi wamalize kupanga chumba, kwa hiyo mwenye shida ya kweli aniandikie pembeni nimwelekeze.

Chumba kilikuwa stoo ya magunia. Leja zimepangwa kwenye rafu za mbao, kubwa kama meza ya shule, na harufu ya vumbi na mchwa inakupokea mlangoni. Anayekuhudumia ni mzee mstaafu aliyekuwa karani wa malipo hapo hapo. Nilimwamkia, nikamtajia jina la babu. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapa watu hawakai kwa majina. Nipe namba."

Na ndivyo ilivyokuwa: neno manamba lenyewe limetokana na namba walizopewa vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanza 1944, iliwaandikisha watu Kigoma, Songea, Rungwe, hata Burundi, na tangu hapo mtu akawa tarakimu. Waha wetu walikuja kwa gari moshi la reli ya kati, kisha malori, maana reli ile haikuunganishwa na ya Tanga hadi 1963.

Bahati yangu, bibi alihifadhi kipande, yaani kadi ya kazi ya babu. Kililetwa na mwenzake babu aliyemaliza mkataba, na bibi alikiweka kwenye kikopo cha chai hadi alipofariki. Kina vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi. Vilivyokatwa mstari ni 22. Juu pembeni ipo namba, imefifia lakini inasomeka.

Mzee alichukua chini ya nusu saa. Alishusha leja ya tatu, akapitisha rula mstari kwa mstari, akasimama. Babu alizaliwa pacha, na kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru. Karani kaandika "Bukulu", kabila "Muha", mahali pa sahihi pana dole gumba la wino. Nililitazama dole lile kwa muda mrefu. Mistari yake bado imekaa vizuri, na katikati kuna kovu dogo lililokwenda mshazari. Kwetu hakuna hata picha yake moja.

Kwenye safu ya siku, baada ya ile ya 22, kuna herufi H mara sita, yaani hospitali. Kisha mstari wote umekatwa kwa wino mwekundu na tarehe imeandikwa pembeni. Nilimwuliza mzee kama ndivyo walivyoandikwa waliotoroka. "Hapana. Mtoro aliandikwa T. Nyekundu ni msiba."

Zaidi ya miaka sitini ukoo wetu ulisema babu alituacha, akaoa Tanga.

Sasa huduma. Ada ni shilingi elfu kumi kwa siku na risiti unapewa. Kilichoniudhi ni kwamba kupiga picha hulipiwa kwa kila ukurasa, na mimi niliambiwa wakati nimeshapiga minne. Wabandike bei mlangoni. Barakoa na glavu hawana, na kurasa zinapukutika, kwa hiyo beba zako. Ila uvumilivu wa yule mzee sijauona katika ofisi yoyote niliyowahi kwenda.

Kama huna namba, waulize wazee jina la kambi na mwaka wa kuondoka, ndipo ufunge safari. Majalada ya kazi ya wakati wa Mwingereza yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, lakini humo utakuta zaidi barua na ripoti zinazohesabu watu kwa mamia. Mtu mmoja mmoja utampata kwenye leja ya shamba, kama ilisalimika. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, yakauzwa tena miaka ya tisini, na wenye mali wapya walisafisha ofisi. Usichelewe. Leja ya pili niliyofunguliwa ilikuwa imeliwa na mchwa hadi katikati.

Jioni nilimpigia baba. Alinyamaza, kisha akaomba nisubiri atafute kalamu. Nikamsomea tarehe. Akaniambia nirudie, polepole.